Sikio Nililolishona kwa Penseli

Juzi mlipokuja kunisalimia, wanangu, mmoja wenu alifungua kasha langu la kazi bila ruhusa. Sikukasirika sana. Mlikuta lenzi iliyoingia ukungu, vioo viwili vilivyopasuka, na penseli nyeusi iliyochongwa mpaka ikawa nyembamba kama mwiba. Mkaniuliza penseli inafanya nini katika kasha la mpiga picha. Nikasema nitajibu nikishiba. Sasa nimeshiba, na kwa kuwa wengine wenu mmeishika kazi hii na mnaniudhi kwa haraka zenu, nimeamua kuandika badala ya kusema, maana mkisimuliwa mnakatiza.

Kwanza mjue kamera yangu enzi ya Mjerumani ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, na mimi nyuma yake nimejifunika kitambaa cheusi, makalio nje. Hapakuwa na hizi filamu zenu za kuviringisha. Kioo kimoja, picha moja. Vioo vilitoka Ulaya kwa meli hadi Tanga, Tanga hadi Moshi kwa reli, Moshi hadi hapa Arusha kwa gari la ng'ombe au kichwani kwa mtu, na njia nzima vilikuwa vinatafuta jiwe la kuvunjikia. Lenzi ilikuwa na kofia. Unaivua, unahesabu moja, mbili, tatu, unairudisha. Ninyi mnabonyeza, halafu mnabonyeza tena kwa sababu mara ya kwanza hamkutazama.

Na msiniletee ile hadithi kwamba watu waliiogopa kamera itawanyonya damu. Labda kwingine. Walionijia mimi walibishania nani aanze kukaa.

Kazi nilifundishwa Tanga na Mgoa mmoja wa kutoka Bara Hindi, Bwana Domingo, mwenye duka la picha karibu na bandari. Mimi nilikuwa hamali, mtu mzima mwenye ndevu. Siku moja nilimpelekea kreti la vioo, akalifungua, akahesabu, hakikuvunjika hata kimoja. Akanitazama kama mtu aliyeokota dhahabu. "Athumani," akasema, "kuanzia kesho hubebi magunia tena." Mpaka leo nikimkumbuka mtu yule moyo wangu unajaa. Hakuwa na roho ya kuficha kazi. Mafundi wengi wa siku zile wakichanganya dawa walikugeuzia mgongo. Yeye alikuita uje unuse.

Alinifundisha kutazama mikono kabla ya uso. Mtu anaweza kuupanga uso wake, lakini mikono yake inakwambia kama amekuja kwa furaha au ameletwa. Alinifundisha kuivua kofia ya lenzi huku ninamsimulia mteja habari za embe, asijue picha ndiyo inapigwa. Na alinifundisha penseli.

Penseli ndiyo hii. Kwenye kioo kila kitu huwa kinyume: palipo peusi usoni, kwenye kioo ni peupe. Kwa hiyo kunyanzi, kovu, shimo la ndui, vyote vinaonekana pale kama mistari ya maji. Unakaa dirishani mchana, unakiegemeza kioo kwenye mwanga, unajaza ile mistari kwa ncha ya penseli, taratibu, nukta kwa nukta. Ukija kuchapa kwenye karatasi, kunyanzi limekwenda. "Mteja hanunui sura aliyonayo," Bwana Domingo alikuwa akisema. "Ananunua sura anayodhani anayo." Nikawa hodari mno. Nimewahi hata kumwotesha karani mmoja nywele, kwa kuzichora juu ya karatasi yenyewe, akanishukuru machozi yakimtoka.

Nilipopanda huku bara na kamera yangu mwenyewe, nikapanga chumba karibu na soko, nyumba ya Waislamu wenzangu waliotangulia kuja na biashara. Makosa ya mwanzo sitayaficha. Maji ya mto huku yanatoka mlimani Meru baridi, na dawa ya kusafishia picha haipendi baridi. Mwezi wangu wa kwanza picha zote zilitoka zimefifia, na mimi nikaapa nimelogwa. Kumbe dawa ilitaka kupashwa moto tu, kama chai ya jana. Safari nyingine nilikwenda kwa mlowezi mmoja huko mashariki ya Tengeru, nikasuuza vioo na karatasi kwenye kile kijito ambacho ninyi mnakiita Maji ya Chai. Jina lenyewe lingetosha kunionya. Familia nzima ya kizungu ikatoka na rangi ya maandazi. Mama wa nyumba ile alipenda, akasema wanaonekana wana afya.

Basi, Yeyo.

Wa-Arusha humwita mama *yeyo*, na mimi kwa kuwa alinizidi miaka mingi sikumwita jina jingine. Alikuwa mama wa kijiji cha Sekei, mrefu, mkavu, mwenye shamba la migomba na ng'ombe wachache. Kiswahili alikiokota sokoni akiuza ndizi na maziwa, na alikisema bila kukiomba ruhusa. Alinikuta mlangoni asubuhi moja, nikamwamkia kwa kilugha chao, "Takwenya, Yeyo," akaitika, "Iko," kisha akacheka matamshi yangu mpaka akashika ukuta.

"Wewe ndiyo Mswahili ya kukamata uso?"

"Ndiye mimi."

"Kamata yangu. Peleka kwa Mesiaki."

Mesiaki alikuwa kitinda mimba wake. Alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, Korogwe, akasema anakwenda kwa msimu mmoja. Nyuma yake ukaja ugonjwa wa ndui, ukafagia maboma mawili matatu ya Sekei, na msafiri mmoja asiye na breki ya mdomo akafika Korogwe akamwambia kijana kwamba mama yake naye amekwenda. Mama alikuwa mzima. Alimtumia watu wamwambie, hakuamini. Alimwandikishia barua, kijana akajibu kwamba barua huandikwa na yeyote, na anajua ndugu zake wanamtaka arudi wamfanyie kazi. Kwa desturi yao mtoto wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya mama. Yeyo alikuwa na nyumba, ana moto mekoni, na mtu wa kumwachia alikuwa anamlilia kama maiti.

"Barua iko na mdomo ya mtu ingine," aliniambia. "Uso iko ya mimi tu."

Nilimpenda papo hapo. Nikamkalisha kwenye stuli, nyuma yake nikatundika blanketi langu jeusi, nikaingia chini ya kitambaa. Ndipo nikaona sikio lake la kushoto. Mnajua mama zetu wa huku walivyokuwa wakitoboa ndewe na kuzivuta kwa mapambo, nyama ya chini ya sikio ikining'inia karibu na bega. La kulia lilikuwa hivyo, zuri kabisa. La kushoto lilikatika katikati, vipande viwili vimening'inia mbalimbali.

Nikamsogeza uso ili sikio bovu liende upande wa pili. Akageuka, akalirudisha. Nikatoka, nikamgeuza tena kwa adabu. Akalirudisha tena, safari hii amenikazia macho. Nikajisemea, mama wa watu hajui, hajapata kujiona. Nikapiga hivyo hivyo.

Na nikaenda dirishani na penseli. Nilifanya kazi ya siku nzima, wanangu, kazi safi kuliko zote nilizopata kufanya. Nilijaza lile pengo nukta kwa nukta mpaka vipande viwili vikaungana. Makunyanzi nayo nikayapunguza. Nilikuwa ninamfanyia hisani, na nilitamani Bwana Domingo angekuwepo aone.

Alipokuja nikampa picha. Akaishika kwa mikono miwili. Akaipitisha kidole, polepole, kuanzia paji mpaka sikioni. Kidole kikasimama pale. Mkono wa pili ukapanda kushika sikio lake mwenyewe.

"Hii nani?"

Nikacheka. "Ni wewe, Yeyo!"

Akaitazama tena, akasema, "Mswahili anajua." Akanirudishia niifunge. Akanibariki kwa kutema mate kidogo kifuani pangu, kama wazee wao wafanyavyo, nami nikaona nimeshalipwa. Tarishi wa duka moja la Mhindi alikuwa anashuka Moshi siku ile, akaichukua.

Majibu yalikuja msimu wa baridi, ukungu umeufunika Meru hadi miguuni. Karani wa kule shambani aliandika kwa herufi za Kiarabu, na kwa kuwa mimi nilipita chuo cha Kurani, Yeyo aliniletea nimsomee. Alikaa kwenye ile stuli ile ile. Nilisoma kwa sauti, ninatabasamu, mpaka nikafika mahali tabasamu likakauka. Maneno yake ninayakumbuka yote:

"Picha imefika. Mama huyo simjui. Mama yangu sikio lake la kushoto limekatika. Nililikata mimi, nikiwa mtoto mgongoni mwake, nikavuta pambo. Nimekua ninaliona kila siku. Huyu wenu masikio yake yote mazima. Sasa nimejua kweli mama alikufa, mmetafuta mwanamke wa kufanana naye. Nimejiandikisha kazi ya reli ya kati. Mwezi ukiandama tunaondoka. Msinitafute tena."

Sikuweza kuinua macho.  Yeyo akauliza, pole pole:

"Wewe ulishona?"

"Nilishona, Yeyo."

"Nani aliambia wewe hii sikio inaumwa?"

 Aliketi pale mbele yangu, aligeuza uso mara mbili kunionyesha, na mimi mara mbili nilimsahihisha. Alikuja na ushahidi wake mwenyewe. Mimi fundi nikaufuta, tena kwa madaha. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, na wakati ule ule nilimwona mama yule alivyokuwa na akili: kabla sijajua kazi yangu ni nini, yeye alishaijua.

Hakunitukana. Alisema tu, "Kamata tena."

Zilibaki siku kumi mwezi uandame. Tarishi wa duka aliahidi kuondoka asubuhi ya kesho yake, na kama angekwenda mbio angelidaka treni ya Moshi. Taabu ilikuwa hii: nilibakiwa na kioo kimoja tu. Vingine vilikuwa njiani kutoka Tanga, na hicho kimoja nilikuwa nimemwekea mlowezi mmoja wa kahawa, anakuja na mke na watoto mchana huo huo wamevaa nguo za sikukuu. Mjue wakati ule mzungu kumwambia kioo kimekwisha si sawa na ninyi kumwambia mteja njoo kesho. Watu walilala kifudifudi bomani kwa Mjerumani wakachapwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilikitazama kile kioo kwenye boksi lake. Nikamtazama Yeyo, amekwisha kukaa, ameweka mikono magotini, mikono ya mtu aliyekuja kwa kazi.

Nikakichukua.

Safari hii niliuliza. "Yeyo, unataka akuone vipi?" Akanyoosha kidole sikioni, kama mtu anayemwonyesha mtoto mzito wa kuelewa. Basi nikafanya niliyopaswa kufanya tangu mwanzo. Lile blanketi jeusi nililitupa pembeni, nikatundika uani shuka langu jeupe la kulalia, ili lile pengo la sikio lionekane jeupe katikati ya vile vipande viwili vyeusi. Nikamtoa nje, nikamweka ubavu kwenye mwanga. Kuna kile chuma cha kushikia kichwa kwa nyuma, kila mteja nilimfunga. Yeye alikitazama akasema yeye si ndama. Nikakiacha.

"Usitikisike, Yeyo. Ukungu ni mzito, nitahesabu mpaka kumi na mbili."

Nikavua kofia. Nimepiga maaskari, nimepiga wazungu wenye medali, nimepiga maliwali wa pwani. Sijapata kuona mtu akitulia vile. Ukope haukucheza. Hata inzi aliyetua shavuni aliona aibu akaondoka. Alimtazama Mesiaki kupitia lenzi yangu, mimi nilikuwa njia tu.

Kioo nilikisafisha vizuri, dawa nimeipasha moto. Kikatoka. Sasa kuchapa. Karatasi zetu zilichapwa na jua: unaweka kioo juu ya karatasi kwenye fremu, unaanika, unangoja. Jua likiwa kali ni muda wa kunywa kahawa. Siku ile jua halikuwepo. Tulikaa uani, mimi na Yeyo, tunaitazama fremu kama watu wanaochunga chungu kisichochemka. Akanisimulia siku ile Mesiaki alipovuta. Walikuwa wanapita kwenye mahindi, mtoto mgongoni, pambo linameremeta mbele ya macho yake, akalikamata kwa mikono miwili. "Mimi nalia, yeye anacheka," akasema, na yeye mwenyewe akacheka. Watu walimshauri alishone kwa mwiba likiwa bado bichi. Alikataa. Mtoto alipopata akili akawa kila akiliona anainama, na mama akawa anamwambia: hili ni jina lako umeliandika hapo, nani mwingine ana mama mwenye jina lake sikioni?

Karatasi ilikolea kidogo kidogo. Nilikuwa ninainua kona kuchungulia mpaka Yeyo akanipiga kofi mkononi.

Mlowezi alikuja kabla haijaisha. Alipoambiwa hakuna kioo aliniita majina yote anayoyajua kwa lugha yake, bahati nzuri sikuyaelewa. Alinyanyua fimbo. Yeyo hakusimama, alibaki pale chini anaitazama fremu, na nafikiri ule utulivu wake ndio uliomchanganya mzungu yule. Mke wake alimshika mkono, wakaondoka. Hawakurudi tena, na habari zikaenea kwa walowezi wenziwe, mwaka mzima nikala ugali kwa mboga za majani. Sijutii hata tonge moja.

Picha ilikamilika jioni, giza likiingia. Yeyo aliishika. Akapitisha kidole kuanzia paji mpaka sikioni, kikaingia kwenye pengo. Hakuuliza ni nani. Alfajiri tarishi akaondoka nayo.

Mwezi ukaandama. Yeyo akawa anapita kila siku ya soko, anaweka ndizi mlangoni kwangu, haulizi kitu. Mimi ndiye niliyekuwa sili wala silali vizuri. Ukaanza kupungua. Ndipo asubuhi moja nikamkuta kijana amekaa kwenye kizingiti changu, miguu imejaa vumbi la njia ya Moshi, ana kifurushi cha kanga mikononi. Sikuhitaji kuambiwa. Ulikuwa ule uso niliouhesabia kumi na mbili, ila umenyolewa makunyanzi.

"Wewe ndiye Mswahili wa picha?"

"Ndiye."

"Twende wote. Naogopa kwenda peke yangu, asije akawa si yeye."

Tulipandisha Sekei. Yeyo alikuwa kwenye migomba, kisu mkononi. Akatuona. Kijana hakukimbia wala hakupiga kelele. Kwao mdogo hamsalimii mkubwa kwa kumpa mkono. Humwinamishia kichwa, mkubwa akaweka kiganja utosini. Mesiaki akafika mbele ya mama yake, akainama. Yeyo akanyanyua mkono, nikaona unakwenda utosini kama desturi. Haukufika. Ukashuka pembeni, ukamkamata sikio la kushoto, ukalivuta kwa nguvu mpaka kijana wa watu akapiga ukelele.

"Sasa mimi nacheka, wewe unalia," akasema mama. Kumbe walikuwa wanalia wote wawili, na mimi wa tatu.

Tulikunywa maziwa ndani, kando ya moto. Mesiaki akaifungua ile kanga, akaitoa picha yangu. Nilistuka. Karatasi ilikuwa safi yote, ila pale sikioni ilichubuka kabisa, imebaki weupe mtupu. Alikuwa ameisugua kwa kidole gumba, tangu Korogwe mpaka Moshi, na Moshi mpaka kwangu.

Ufundi ukanipanda. Penseli nilikuwa nayo mfukoni, sikuwa ninaiacha. Nikamwambia nipe, dakika moja, nitalirudisha sikio hilo lilivyokuwa.

Yeyo akaichukua picha mkononi mwangu kabla sijaishika vizuri, akampa mwanawe.

"Iache, Mswahili," akasema. "Wewe ulishatengeneza."

Penseli hiyo ndiyo mliyoikuta. Sijaichonga tena tangu siku ile.